Boma la Waliokula

Nilipostaafu uafisa mipango, watu walitegemea nifuge kuku. Nilifuga. Kideri kikaingia bandani, na kufikia wiki ya pili sikuwa na kuku hata mmoja, nikarudi kwenye kitu pekee ninachokifahamu vizuri, yaani makaratasi ya serikali za mitaa. Siku hizi naitwa mshauri elekezi. Mtu mwenye mradi hunituma vijijini nikaulize maswali ambayo zamani, nilipokuwa na meza yangu halmashauri, niliwakasirikia sana waliokuja kuyauliza.

Kazi ninayoieleza hapa ilinipeleka Mbinga na Nyasa, wakati wa kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja. Ilihusu maboma ya zahanati. Kwa asiyejua mambo yetu, wananchi hujenga kuta za zahanati kwa nguvu zao mpaka kwenye renta, halafu husubiri halmashauri ipaue. Kuta hizo zisizo na paa ndizo tunazoita maboma, na nchi imejaa. Mapato ya ndani hayafiki mbali, ruzuku inakuja inapokuja, na kila diwani anataka boma la kwake litangulie. Sasa mradi mmoja ulikuwa tayari kupaua baadhi ya maboma, kwa sharti moja waliloliita kigezo cha ushiriki. Vijiji ambavyo angalau nusu ya kaya zilijitolea nguvu zao bila malipo vingewekwa mbele. Vingine vingesubiri awamu nyingine, na mimi nimefanya kazi serikalini miaka ya kutosha kujua awamu nyingine ni lini.

Nilitakiwa nipite kaya kwa kaya na kishikwambi, niulize dodoso, kisha nipange vijiji kwa mfuatano.

Kiongozi wetu wa timu alikaa Dar es Salaam. Angeweza kuwa mwanangu wa pili. Ana shahada mbili na adabu nyingi, na ananiita mama kwa heshima ya kweli, si ile ya kunifanya nijisikie mzee. Kabla sijaondoka alinisainisha fomu ya maadili. Nisipokee kitu chochote chenye thamani kutoka kwa jamii ninayoifanyia utafiti.

"Mama, hata soda usinywe," aliniambia. "Kazi iliyopita mtu alipewa mbuzi, tukafuta kijiji kizima kwenye ripoti."

Nilisaini bila hata kukaa. Katika miaka yangu yote ya ofisi sikuwahi kula cha mtu, na sifa hiyo nilikuwa naitembeza kama kitenge kipya.

Nilianza upande wa Kitura, kwenye kijiji ambacho sitakitaja. Boma lao lilisimama juu ya mgongo wa kilima, na kuanzia pale mpaka bondeni mteremko wote ulikuwa ngolo, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo yanayozuia mvua isiondoke na udongo. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma, zimenyooka, kazi safi. Lakini zilijengwa kwa udongo, sementi waliiweka kwenye msingi na renta tu. Mtendaji wa kijiji, mwanamume mpole mwenye viatu vilivyong'aa kuliko barabara yake, alinionyesha kona ya magharibi.

"Mvua za mwaka jana zilianza kuila hapa, mama. Tuliziba. Mwaka huu ikinyesha kabla ya bati, sijui."

Zahanati ya karibu nao ilikuwa vilima viwili mbele. Wakati wa masika wajawazito walibebwa kwenye machela ya miti. Mtendaji alinieleza hayo bila kulalamika, kama anayenielekeza choo kilipo.

Nikaanza kupita kwenye nyumba. Swali la kwanza lilikuwa je, kaya yako ilifanya kazi kwenye ujenzi wa zahanati. Ndiyo, kila mtu. Waume walichimba msingi, wake walisomba maji kutoka mtoni, wote walipandisha tofali mgongo ule. Swali la pili likauliza je, ulipata malipo yoyote, ya fedha au ya kitu, kwa kazi hiyo.

Ndiyo.

Nilidhani nimesikia vibaya, nikauliza tena. Baba mmoja aliyekuwa anachagua kahawa mbovu kutoka kwenye nzuri alinijibu akiniangalia machoni.

"Tulikula, mama. Ugali na maharage, na pombe tulikunywa. Siwezi kusema sikupata kitu."

Nikabonyeza Ndiyo. Kishikwambi kikamhamisha baba wa watu kutoka kwenye wachangiaji, kikampeleka kwenye vibarua. Nyumba iliyofuata, hivyo hivyo. Na iliyofuata. Hakuna aliyesita. Nilianza kukasirika, maana mtendaji alikuwa ameniambia ni kijiji chenye umoja, na mimi huku naona watu waliojenga zahanati kama vibarua wa chakula.

Mchangiaji nilimpata mmoja. Alikuwa bibi mjane, nyumba yake ya tatu kutoka kwenye boma. Mahindi yaliyopikwa yalikuwa yake, maharage yake, pombe aliipika yeye. Aliita kijiji kwenye ngokela, ile kazi ya kualikana ya Kimatengo, mwenye shughuli anapika na majirani wanakuja na majembe yao. Kwa kawaida mtu huita ngokela kwa shamba lake. Yeye aliita kwa zahanati. Aliita mara ya kwanza kwa msingi, ya pili kwa tofali, ya tatu kwa kuta.

"Kwa nini wewe, bibi?" nilimuuliza baada ya shikamoo na marahaba.

"Mkwe wangu alijifungulia njiani," alisema. "Mtoto yupo. Mkwe hayupo."

Akaanza kupuliza moto. Nilikuwa nimeshaweka kishikwambi chini. Alinipakulia ugali bila kuniuliza, na nilipomwambia siwezi kula, kazi yangu hainiruhusu, aliitazama ile sahani kwa muda, halafu akaifunika.

"Basi nenda, mwanangu," alisema.

Niliona nimetenda haki. Nakumbuka nilitembea mpaka kwenye gari nikijipongeza.

Kutoka huko niliteremka Nyasa. Ukitoka milimani baridi inabaki nyuma yako polepole, mpaka Mbamba Bay unavua sweta, na hadi unafika Kihagara umeshasahau kwamba ulilivaa. Kijiji nilichofanyia kazi ufukweni kilikuwa na boma la ukubwa ule ule, tofali zile zile. Niliuliza maswali yale yale. Mlifanya kazi? Ndiyo. Mlipata malipo? Hapana! Tena kwa sauti, wengine wakicheka kuona naweza kuuliza kitu kama hicho. Kishikwambi kilifurahi. Kaya kwa kaya, mchango, mchango, mchango.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee mvuvi mwenye kofia ya sufi kwenye joto lile, alinitembeza kwenye boma akinisimulia walivyojenga. Siku za kazi mitumbwi miwili iliingia ziwani alfajiri kwa ajili ya wajenzi tu. Mchana walisimamisha kazi, wakala ugali wa muhogo na dagaa wa usipa, siku nyingine samaki mbasa, wakarudi kwenye tofali. Aliniambia habari hizo kwa fahari, nami nikaziandika kwenye daftari kama pambo la ripoti. Niliandika usipa. Niliandika mbasa. Mkono uliandika, kichwa kikaendelea na mambo yake.

Pale pia walinikaribisha chakula, nikakataa. Mzee alicheka tu, akasema basi watakula wenyewe.

Nilirudi Mbinga mjini, nikakaa gesti siku nne nikiandika rasimu. Kijiji cha Kihagara nilikiweka juu. Kile cha upande wa Kitura kilikuwa cha mwisho, na pembeni nikaandika maneno niliyoyapenda: ushiriki hafifu, ujenzi umetegemea mfadhili mmoja. Nikatuma. Kiongozi wa timu akanipigia kunisifu. Alisema ni mara ya kwanza kuona takwimu zilizonyooka namna ile.

Ilibaki mikutano ya mrejesho, ambapo unawasomea wananchi ulichokiona ili wapinge wakitaka. Kwa uzoefu wangu hupinga. Kijiji kikiwekwa mwisho husimama watu kumi kwa pamoja, na mtendaji huanza kutafuta barua ya zamani. Nilijiandaa hivyo nilipopanda tena kule mlimani.

Nikasoma. Nikasema nimekuta kwamba karibu kaya zote zilifanya kazi kwa malipo ya chakula, na kwamba kwa kigezo cha mradi kijiji hakikufika. Hawatakuwa kwenye awamu hii. Nikanyanyua macho kusubiri kelele.

Wakawa wanatikisa vichwa kukubali.

Baba wa kahawa alisimama, akavua kofia. "Aliyosema mama ni kweli. Sisi tulikula."

"Walikula," bibi naye alithibitisha kutoka kwenye benchi la akina mama. "Wote walikula, na mimi nilifurahi walivyokula." Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa ile kona, mama, ndiyo ibaki?"

Sijui niseme nini kilinipata. Nilishikwa na hasira, na kwa muda mfupi nilikuwa nimewakasirikia wao. Nilitaka kuwapigia kelele. Pingeni! Nyinyi mnapoteza zahanati kwa ajili ya sahani ya maharage, na mnatikisa vichwa! Mtendaji aliangalia viatu vyake. Nikafunga mkutano vibaya, bila hata kushukuru, nikaenda kusimama nyuma ya boma.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu mzaa mama. Baba yangu si mtu wa huku, nimekulia Songea, lakini likizo zote za shule ya msingi nilizimalizia Mapera kwa huyo bibi. Siku moja nilikwenda na wenzangu kwenye ngokela ya jirani, tukapalilia maharage mpaka mchana, nikarudi nyumbani natamba kwamba nimemsaidia mama jirani. Bibi alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Basi usiseme umemsaidia. Ulikula, mmemalizana. Kesho akikuona asione aibu."

Ndivyo ilivyo. Ukila kwenye kazi ya mtu huwezi tena kumsimanga na kazi hiyo. Chakula kinamwondolea mwenyeji mzigo wa fadhila, mkikutana njiani mnasalimiana mkiwa sawa. Hao watu hawakuwa vibarua hata kidogo. Hakuna aliyeacha shamba lake siku nzima na kubeba tofali mgongo ule kwa ajili ya ugali ambao kwake pia upo. Walikuja kwa sababu waliitaka zahanati. Lakini kusema sikupata kitu, wakati walikula kwa bibi mjane, kwao huo ungekuwa uongo, tena uongo wa kumwibia yeye. Na wale wa Kihagara hawakunidanganya pia. Kwao samaki wa kazi ya pamoja ni wa wote, kumwita malipo ni kichekesho. Vijiji vyote viwili vilijenga kwa nguvu zile zile na kula mchana vile vile. Aliyevitofautisha ni mimi, mjukuu wa Mapera, niliyekuwa na jibu tangu utoto na nikalisahau mbele ya kishikwambi.

Niliona aibu. Aibu ile ya masikio kuwaka moto.

Nilimpigia kiongozi wa timu nikiwa pale pale nyuma ya ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Nakuelewa, mama. Lakini rasimu imeshaingia. Mtu akibadilisha takwimu baada ya rasimu, jambo la kwanza watakalouliza ni amepewa nini."

"Hawajanipa kitu. Wamekubali kushindwa, wewe, wamevua kofia!"

"Najua. Sikiliza. Rudia kaya zote, uliza kazi yenyewe, siku ngapi, kazi gani, iwe sawa na Kihagara. Ulete na fomu mpya ya maadili. Ikiwa safi, nitaipigania. Ikiwa na doa lolote, marekebisho yanatupwa na tunabaki na rasimu."

Nilirudia. Fedha za mradi zilikuwa zimekwisha kwa hiyo nililala kwa mtendaji, mkewe akanipa chumba cha watoto, nikakilipia kwa fedha yangu, chakula nikajinunulia biskuti na ndizi dukani ili fomu ibaki safi. Kwa siku mbili nilipanda na kushuka vilima vile na goti langu bovu. Sikuuliza tena nani alilipwa, niliuliza ulibeba nini, ulichimba wapi, ulikuja mara ngapi. Majibu yakamiminika. Wanawake walinihesabia ndoo za maji. Baba wa kahawa alinionyesha kovu la tofali kwenye unyayo. Nusu ya kaya tuliivuka siku ya kwanza kabla ya saa sita.

Jioni ya siku ya pili, kaya ya mwisho ilikuwa ya bibi. Nilimwuliza maswali yake, nikafunga kishikwambi, nikataka kuinuka. Goti likagoma. Aliingia ndani akatoka na sahani ile ile ya bati, ugali na maharage, na kikombe cha togwa.

"Bibi, nilikueleza."

"Mara ya kwanza ulikuja kuuliza, ukakataa, nikakuacha," alisema. "Safari hii umefanya kazi. Siku mbili nakuona unapanda na kushuka kwa ajili ya nyumba yetu. Unataka nikuone barabarani nianze kukukwepa?"

Nilijua ninachokifanya. Sitasema nilisahau fomu, wala sitasema njaa ilinizidi, ingawa biskuti za siku mbili si mchezo. Nilinawa, nikala. Nilimaliza maharage na mchuzi wake. Bibi alikaa mbele yangu akinitazama nikila, na alipochukua sahani ilikuwa kama mzigo umemtoka begani.

Asubuhi, kwenye meza ya mtendaji, nikajaza fomu. Je, umepokea kitu chochote chenye thamani kutoka kwa jamii iliyofanyiwa utafiti? Ndiyo. Hapana. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu mpaka mtendaji akauliza kama imeisha wino. Nje kulikuwa na mawingu juu ya Nyasa, ya kwanza tangu kiangazi kianze.

Nikaweka alama kwenye Hapana.

Kijiji kikapanda. Kona ya magharibi ilianguka kabla bati hazijafika, wakaijenga upya kwa ngokela nyingine, mpishi yule yule. Bati zikapigwa, madirisha yakawekwa, nesi akapangiwa. Katika kaya zote zile, milimani na ziwani, jibu la uongo lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu. Mtu niliyemdanganya ni kijana aliyeniamini. Nilijiambia ni sahani moja tu, na kila nilipojiambia nilimkumbuka yule baba na kofia yake mkononi.

Siku ya makabidhiano kiongozi wa timu alikuja mwenyewe. Alikuwa hajawahi kufika huku, akawa anapiga picha za ngolo kila tuliposimama. Hotuba zilipokwisha, wageni wakatambulishwa mmoja mmoja, na ilipofika zamu yangu bibi aliinuka bila kuitwa na kunishika mkono.

"Huyu mnamwona? Huyu si mgeni. Alifanya kazi hapa siku mbili, na kwangu alikula. Yeye hatudai, sisi hatumdai."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilimsikia kiongozi wa timu, aliyekuwa kiti cha pili kutoka kwangu, akiacha kupiga makofi.

Alisubiri mpaka tukafika kwenye gari.

"Mama. Yule bibi anasema ulikula."

Ningeweza kumwambia ni maneno ya wazee. Angekubali, nadhani alitaka kukubali, alikuwa ameshika mlango wa gari akisubiri nimsaidie.

"Nilikula," nilisema.

"Kabla ya fomu?"

"Kabla ya fomu."

Aliwasha gari, tukarudi Mbinga mjini. Alinishusha gesti, akanibebea begi hadi mlangoni, akaniaga kwa adabu yake ile ile. Hajanipigia simu tena mpaka leo, na simlaumu. Mtendaji hupiga mara moja moja. Mara ya mwisho aliniambia bibi anasalimia, na kwamba mjukuu wake, yule aliyezaliwa njiani, alipewa matone yake ya vitamini A pale pale, hatua chache kutoka nyumbani.